Bi Mkubwa Kuuzwa kwa Kilo

Tangazo la bodi lilibandikwa kwenye mlango wa choo, kwa kuwa choo ndicho mahali pekee katika makumbusho ya reli ambapo kila mfanyakazi alifika kila siku bila kukosa. Ofisini walikuwa hawafiki. Mzee Masizi alilisoma akiwa amebanwa, akalisoma tena alipotoka, na mara zote mbili lilisema yaleyale: banda la maonyesho litageuzwa ukumbi wa mikutano wenye kiyoyozi. Injini mbili za mvuke zilizomo ndani haziwezi kubaki zote. Moja itasimama langoni kama pambo. Ya pili itauzwa chuma chakavu, kwa kilo.

Itakayobaki ni namba kumi na mbili, "yenye historia isiyopingika". Itakayouzwa ni namba ishirini na saba, "isiyo na historia mahususi".

"Isiyo na historia," Mzee Masizi aliuambia mlango. "Na wewe umekubali kubeba maneno haya mgongoni."

Jina la Masizi alipewa na wenzake zamani, alipokuwa mchochea moto wa injini hizohizo. Miaka kumi na tisa alitupa makaa ya mawe tanurini kwa koleo, masizi yakamkaa kwenye mikunjo ya shingo, na hayakumtoka hata reli ilipomtoa yeye. Mvuke ulipokwisha na dizeli ikaingia, wakamweka makumbusho apanguse vumbi na kupaka grisi. Wenzake walimcheka. Yeye alisema heri kumpangusa umjuaye kuliko kumwendesha usiyemjua.

Namba kumi na mbili iliitwa Kikohozi. Ikiona kilima kidogo tu inakohoa kama mvuta tumbaku, na si mara moja wala mbili ilirudishwa nyumbani ikikokotwa na mwenzake. Namba ishirini na saba iliitwa Bi Mkubwa, na aliyempa jina hilo ni marehemu mke wa Masizi. Siku ya tatu ya ndoa yao bwana harusi aliondoka alfajiri kwenda kuwasha moto, akarudi kesho yake ananuka makaa. Mke hakugomba. Alimtengea maji ya kuoga, akasema, "Nimeelewa. Kumbe nimeolewa mke wa pili. Bi Mkubwa hajambo?"

Ikawa ndiyo salamu ya nyumba. Mshahara ukichelewa: "Mwambie Bi Mkubwa naye alale njaa, tusilale peke yetu." Mume akichelewa: "Bi Mkubwa kakulazimisha?" Waliishi hivyo watatu, bila ugomvi, mpaka kifua kilipombana Bi Mdogo. Reli ilikuwa na zahanati yake, hatua mia mbili tu kutoka karakana, na hapo ndipo alipoanza kutibiwa. Lakini wakubwa walikaa kikao wakaona zahanati haizalishi, kana kwamba watu waliugua ili wapate faida, wakaifunga. Bi Mdogo akapelekwa hospitali kubwa. Akafia kwenye foleni, kikaratasi cha namba mia moja na nne mkononi, wao wakiita tisini.

Zahanati ikapakwa rangi. Sasa ilikuwa ofisi ya Mwenyekiti wa bodi ya makumbusho.

Mzee Masizi alirudi nyumbani akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa anashona sare za shule na pini mdomoni.

"Baba, chakula kinapoa."

"Wanamuuza mama yako mkubwa."

Cherehani ikasimama. Binti akatema pini. "Kwa nani?"

"Kwa kilo."

"Kwa kilo! Mwili ule? Si watatajirika."

"Usinichekeshe, nimekasirika."

"Nimeona. Nakuchekesha ili usife, maana sina nguvu ya kubeba misiba miwili." Akahamia sakafuni karibu naye. "Na yule mwingine, Kikohozi?"

"Anabaki. Eti yeye ndiye aliyemvuta Mkuu wa Nchi siku ya kufungua reli."

"Si yeye?"

Mzee Masizi akavua viatu. Jambo hili alikuwa hajamwambia mtu asiyekuwa wa reli. Sasa akalisema lote.

Mwaka ule amri ilitoka juu: Mkuu wa Nchi atavutwa na injini namba kumi na mbili. Karatasi ikatiwa saini, mwenye saini akasafiri. Siku moja kabla ya sherehe Kikohozi akapasuka mabomba, akalazwa karakana tumbo wazi. Mtu mwenye akili timamu angechukua kalamu, akate kumi na mbili, aandike ishirini na saba. Lakini juu ya saini ya mkubwa, nani ana mkono huo? Msimamizi wa karakana aliishika ile karatasi kwa vidole viwili kama mtu ashikaye yai la nyoka, akasema, "Karatasi haibadiliki." Mafundi wakauliza, "Basi tubadilishe nini?" Akasema, "Badilisheni injini."

Saa nane mchana wakafungua kibao cha shaba cha Kikohozi wakamvika Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akamvuta Mkuu wa Nchi mwanzo wa reli hadi mwisho, hakukohoa hata mara moja. Waliporudi kila mmoja akavishwa kibao chake. Kikohozi, aliyekuwa amelala chali siku nzima, akawa shujaa wa taifa. Msimamizi akapandishwa cheo kwa "kuitunza namba kumi na mbili kwa uhodari".

"Na huyo msimamizi ndiye nani sasa?" binti aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha kwamba ameshajua.

"Mwenyekiti. Wengine hupanda ngazi. Yeye alipanda kibao cha shaba."

"Na ninyi mkanyamaza miaka yote?"

"Halikuwa na madhara. Sifa haziongezi makaa. Waliokuwepo wamekufa wote, nimebaki mimi na yeye."

"Basi sasa lina madhara. Nenda kaseme."

"Nikaseme wapi? Kwenye chumba kile alimokuwa akitibiwa mama yako?"

"Kwenye chumba kilekile. Mama angekwenda na sufuria mkononi."

Kesho yake akaenda, bila sufuria. Chumbani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, na pale palipokuwa kitanda cha wagonjwa palikuwa na kochi. Katibu, mwanamke kijana aliyevaa miwani mikubwa, alimwambia aandike barua. Mzee Masizi akasema barua ndizo zilizoleta balaa lote hili, akapita.

"Mwenyekiti. Shikamoo sikupi, umri wetu mmoja."

"Ah, mzee mwenzangu! Karibu, kaa."

"Hapo alilala mke wangu. Nitasimama. Mmekosea injini."

Mwenyekiti akamwashiria Katibu atoke, akangoja mlango ufungwe. "Mambo gani hayo?"

"Unayajua. Ulisimama pale mikono mfukoni ukituhimiza tukaze nati haraka."

"Hayo ni mambo ya zamani, ndugu yangu."

"Na hapa ni wapi? Makumbusho ni ya mambo ya kesho?"

Mwenyekiti akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa nyuma. "Sikiliza. Kila kitabu cha shule kinasema kumi na mbili. Stempu za posta zilichapwa kumi na mbili. Wewe una nini? Una maandishi?"

"Maandishi ndiyo yaliyodanganya."

"Basi huna kitu. Niletee jambo la kuonekana kwa macho, lisilohitaji mtu kukuamini wewe. La sivyo unamchafulia mtu jina, na hilo lina sheria yake. Katibu! Msindikize mzee."

Alitoka ofisini. Kwenye lango la wageni palitundikwa picha ya siku ile, kubwa kuliko mlango: Mkuu wa Nchi anapunga mkono kutoka kwenye kibanda cha dereva, na chini yake kibao kinang'aa, 12. Mzee Masizi alikuwa ameipangusa picha ile mara zisizohesabika, na kama watu wote wapangusao vitu, hakuwahi kuitazama. Leo aliitazama kwa chuki, akitafuta pa kuitemea mate. Macho yakashuka kutoka kwenye kibao, yakafika kwenye ngazi ya kupandia kwa dereva.

Moja, mbili, tatu, nne.

Akahesabu tena. Kisha akakimbia, kwa mwendo ule wa wazee ambao mtu mwingine angeuita kutembea, mpaka bandani. Bi Mkubwa alikuwa na sakafu ya juu, na kwa sababu hiyo alipewa vipandio vinne. Kikohozi alikuwa mfupi, vyake vitatu. Miguu ya Masizi ilikuwa ikilijua jambo hilo miaka yote, ila hakuna aliyewahi kuiuliza. Picha ilikuwa ya Bi Mkubwa, kavaa kibao cha mwenzake, na imetundikwa langoni watoto wa shule wote wa nchi wapite mbele yake.

Siku ya kikao aliwangoja wajumbe sita wa bodi watoke kunywa soda. "Waheshimiwa, dakika mbili tu. Sitaki mniamini. Nataka mhesabu."

Mmoja wa wajumbe alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na neno kuhesabu lilimwamsha. Akaisogelea picha, akanyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu, nne. Vinne."

"Twendeni bandani."

Wakaenda, Mwenyekiti nyuma yao kama mtu anayefuata jeneza lake. Mwalimu akahesabu vya Kikohozi. "Vitatu." Akahesabu vya Bi Mkubwa. "Vinne." Akavua miwani, akaipangusa, akahesabu upya, akapata vilevile, kwa maana hesabu haina adabu kwa wakubwa.

Mzee Masizi akasema yote, karatasi na kibao na saa nane mchana, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Mwenyekiti alikuwa anajifuta shingo kwa leso. Kisha akaja mpaka kwa Masizi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, bodi inakushukuru. Umetuokoa na aibu kubwa. Mgeni Rasmi anakuja mwezi ujao kuizindua injini ya langoni, na waandishi wa habari. Wangehesabu!"

Mzee Masizi akajua ameshinda. Akamtazama Bi Mkubwa pembeni ya jicho, kama mtu anayemwambia mkewe, si nilikuambia?

Wajumbe wakarudi ndani. Baada ya nusu saa Katibu akatoka na daftari, akasoma azimio kwa sauti ya kusomea matokeo ya mtihani. Bodi, baada ya kujiridhisha, imeazimia kwamba injini namba kumi na mbili iongezewe kipandio kimoja ili ilingane na picha. Kwa ajili ya kulinda uhalisia, kipandio hicho kisinunuliwe kipya, bali kitolewe kwenye namba ishirini na saba kabla haijauzwa.

"Kitolewe wapi?"

"Kwenye ile ya kuuzwa, babu. Wamesema ni cha asili."

"Na mwalimu amekubali?"

Katibu akatazama daftari. "Mwalimu amesema hesabu inatoka sawasawa."

Walimtaka yeye mwenyewe akifungue, kwa kuwa ndiye aliyezijua bolti zile. Alikataa. "Simvui mke wangu kiatu ili nimvishe mvivu." Basi Mwenyekiti akamleta shemeji yake, fundi wa kuchomelea mageti. Shemeji akakata bolti kwa msumeno, akakibeba kipandio mpaka kwa Kikohozi, akavaa miwani ya jua na kuwasha mashine.

"Fundi," Mzee Masizi alimwambia kwa upole, kwani mtu hakosani na moto. "Hicho ni chuma cha kumiminwa. Hakishiki kwa fimbo hizo za mageti. Kina matundu yake, kifunge kwa bolti."

"Mzee, mimi nimechomelea mageti ya mawaziri."

"Geti halikanyagwi."

"Mzee, kapumzike."

Shemeji akakigusisha hapa na pale, akaziba nyufa kwa pati ya kuzibia mabati ya magari, akapaka rangi nyeusi inayong'aa. Ukikitazama kwa mbali ungeapa kimezaliwa pale.

Siku ya sherehe wakasimamisha mahema, viti vya plastiki, na maspika yaliyoimba tangu asubuhi kwa nguvu za kuua ndege. Kikohozi alisimama langoni amepakwa rangi mpaka kwenye kucha. Nyuma ya mahema kulikuwa na trela refu, na juu ya trela Bi Mkubwa, amefungwa minyororo kama mwizi wa kuku. Mnunuzi wa vyuma, mwanamke mnene mwenye kofia ya jua, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja akingoja hotuba ziishe aondoke na mzigo wake.

Katibu alimletea Mzee Masizi sare mpya. "Babu, utaitwa kama mchochea moto pekee aliye hai. Unashika maikrofoni, unasema maneno mawili tu: ndiyo hii. Mwenyekiti amesema ukisema hivyo, kazi yako ipo mpaka ufe."

"Na nisiposema?"

Katibu akashusha sauti. "Babu, maneno mawili tu. Watu wanasema maneno mengi ya uongo bure, wewe unalipwa."

Mzee Masizi aliitazama sare. Kitambaa kizuri, vifungo vya shaba. Akamtafuta binti yake kwenye mahema, akamwona safu ya nyuma, mikono kaikunja kifuani kama alivyokuwa akifanya mama yake kila mume alipotaka kumdanganya.

Mgeni Rasmi akafika, mtu mzito, mmoja wa wale walioshiba kwa niaba ya wananchi. Mwenyekiti akahutubia juu ya namba kumi na mbili na jinsi alivyoitunza kwa mikono yake. Mshereheshaji akapaza sauti: "Na sasa, shahidi wa macho!"

Mzee Masizi akashika maikrofoni. Ilipiga kelele, akaisogeza mbali.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shikamoo. Mimi ndiye niliyechochea moto siku ile. Niliuchochea ndani ya yule pale aliyefungwa minyororo. Huyu mliyempamba alikuwa karakana anatibiwa. Wakati ule reli ilikuwa bado inatibu." Akanyoosha kidole kwenye ngazi. "La pili, kile kipandio cha chini usikikanyage. Kimebandikwa."

Mshereheshaji akadaka maikrofoni nyingine: "Wazee wetu kwa utani hawajambo!" Mahema yakalipuka kwa kicheko. Mgeni Rasmi alicheka kuliko wote, mpaka walinzi wake wakaona wacheke. Mwenyekiti akampokonya Masizi maikrofoni huku akimpigapiga mgongoni, na kila pigo lilikuwa barua ya kuachishwa kazi.

"Mheshimiwa, tunakuomba upande pale aliposimama Mkuu wa Nchi, waandishi wapate picha."

Mgeni Rasmi akavuta suruali juu kidogo, akashika chuma, akainua mguu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Yeye hata kupanda hakujaliwa. Kipandio kililia mara moja, kwa sauti ndogo kama kikombe kinachopasuka, kikaachia. Mheshimiwa akashuka chini nacho, akakaa kwenye kokoto na miguu mbele kama mtoto anayesubiri uji, suruali imepasuka pale ambapo hotuba haifiki. Kamera zote zilikuwa zimeshaelekezwa. Zilifanya kazi yake.

Shemeji wa Mwenyekiti alikwishatoweka.

"Toeni hili dude!" Mgeni Rasmi alifoka, walinzi wakimwinua huku na huku. "Leo! Sasa hivi! Nikipita njia hii nisilione!"

"Lipi, Mheshimiwa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hili lililoniangusha! Kuna lingine lililoniangusha?"

Mwenyekiti alikuwa mtu wa amri. Iwe imetiwa saini au imefokwa, kwake ni ileile. Magari ya msafara hayajamaliza kugeuza, akakimbilia nyuma ya mahema kwa mwenye trela. Mnunuzi wa vyuma akasikiliza bila kuvua kofia.

"Kwa hiyo nimshushe huyu nimpakie yule?"

"Ndiyo, mama, tafadhali. Haraka."

"Kwangu wote ni nondo. Ila amueni mara moja, jua linanichoma."

Kreni ikafanya kazi hadi alasiri. Kikohozi akaondoka na rangi yake mpya na mapambo ya karatasi bado shingoni. Alikuwa amekohoa maisha yake yote, lakini siku ile hakutoa sauti, na Mzee Masizi, ambaye hakuwahi kumpenda, alivua kofia alipopita. Kosa halikuwa lake. Yeye hakuomba ushujaa, alilala tu akapewa. Wako wengi wa namna hiyo, tena wenye magari.

Bi Mkubwa akawekwa langoni, kwa sababu lango haliwezi kukaa tupu. Binti alikuja akasimama karibu na baba yake.

"Wamemwacha."

"Hawakumwacha. Wamemsahau. Kwetu sisi ni sawa."

Aliachishwa kazi jioni ileile, kwa simu, Katibu akilia kidogo kwenye laini. Baada ya wiki moja binti yake akarudi kutoka mjini na habari: picha ya langoni imebadilishwa. Mzee Masizi akaenda kujionea. Picha ilikuwa ileile, Mkuu wa Nchi yuleyule, mkono uleule. Ila mtu wa kompyuta alikuwa ameguswa bega, naye akagusa kibao, na sasa kilisomeka 27. Chini yake maandishi mapya yalieleza kwamba injini hii, namba ishirini na saba, ndiyo iliyomvuta Mkuu wa Nchi. Mzee Masizi alisimama pale mdomo wazi. Walikuwa wameghushi picha, na kwa kughushi wameisahihisha. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliwaona wakubwa wakisema kweli, na haikuwa kwa kupenda kwao.

Mlinzi wa lango alimzuia kwa aibu. "Mzee, wewe si umeachishwa?"

"Nimeachishwa na bodi. Nimekuja kumwona mke wangu."

Mlinzi akageuka akatazama barabara.

Mzee Masizi alikuwa na mfuko begani. Ndani yake mlikuwa na kipandio, alichokiokota chini ya viti siku ile watu walipokuwa wakimkimbilia Mheshimiwa, na bolti nne mpya, na spana. Akapiga magoti kwenye kokoto, akaanza kukwangua pati ya shemeji iliyoganda kwenye kipandio. Alikuwa kwenye hilo Mwenyekiti alipotoka ofisini kwake, bila Katibu, bila walinzi, akiwa amevaa suti.

"Umeachishwa kazi."

"Nimesikia."

"Sasa hapo unafanya nini?"

"Picha yako ina vipandio vinne, huyu ana vitatu. Mwalimu akipita hapa atahesabu."

Mwenyekiti akatazama picha, akatazama ngazi. Akakaa taratibu juu ya taruma la reli, kama mtu aliyekumbuka umri wake ghafla. "Tumebaki wawili tu tunaoijua ile siku," alisema.

"Umebaki wewe. Mimi nilishasema kwenye maikrofoni."

"Ungekuwa wewe ndiye msimamizi, ungefanyaje?"

"Ningekata ile namba kwa kalamu."

"Wangenifukuza kazi."

"Wangekufukuza. Ukauze karanga. Na kile chumba unachokaa na kiyoyozi kingekuwa bado kina muuguzi, kwa sababu usingekuwepo kwenye kikao kile cha kufunga zahanati."

Mwenyekiti akapangusa vumbi kwenye suti. "Kile kikao sikuwa peke yangu."

"Najua. Mlikuwa wengi. Ndivyo mlivyo siku zote, wengi. Ukimtafuta mmoja humpati."

Basi lilipita barabarani, likapiga honi, likaenda zake. Mzee Masizi akakiinua kipandio mpaka mahali pake, lakini kilikuwa kizito na mikono ilikuwa miwili tu. Akishika chuma, bolti inaanguka. Akishika bolti, chuma kinateremka. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne akasema, bila kugeuka:

"Njoo ushike hapa."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine? Shikia kwa chini. Usitumie vidole, tumia kiganja. Inua."

Mwenyekiti aliangalia lango, akaangalia madirisha ya ofisi. Kisha akavuta suruali, akachuchumaa, akaweka viganja chini ya chuma. Grisi ikapanda kwenye mkono wa koti. Mzee Masizi akaingiza bolti ya kwanza, akaisokota nati kwa vidole mpaka ikaanza kushika, akachukua spana.

"Kizito," Mwenyekiti alisema, jasho likimtiririka.

"Bado tatu. Usiachie."